Majibu kwa Wanaosema Kitambaa Kimekufa Thika

Mwezi uliopita binti mmoja wa Makongeni, Thika, alikuja karakanani kwangu hapa Kihunguro, Ruiru, na daftari la michoro kwapani. Michoro ilikuwa mizuri: majani ya mnanasi yaliyosimama kama mikuki, punje za kahawa zilizogawanyika katikati, na mmoja wa maporomoko ya Chania ambao hadi leo unanijia akilini. Alitaka kujua kama anaweza kuanza biashara ndogo ya kubuni na kuchapa vitambaa. Kabla sijajibu, alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Huko alikuwa ameandika yote aliyoambiwa na mjomba wake, na mwenyekiti wa chama cha mama yake, na mwalimu mmoja, na jirani anayeuza mitumba. "Mama," akaniambia, "nijibu moja moja."

Siku ile nilimjibu kwa mdomo, tena kwa haraka, kwa kuwa kulikuwa na oda mezani. Leo namjibu kwa maandishi, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na nimeona vijana wenye mikono mizuri wakiyaamini na kuacha.

"Viwanda vilikufa. Thika ya vitambaa ilikwisha zamani."

Neno hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linauma. Miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na viwanda vya nguo zaidi ya 50. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vitambaa vya nje na mitumba vikaingia kwa pamoja, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kicomi ya Kisumu ikanyamaza. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa 1976, ikafungwa, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mwaka 2019 ndipo ikazinduliwa tena ikiwa na mashine mpya. Mzee wa Thika anayesimulia enzi za zamu za usiku hasemi uongo.

Ila anaacha nusu ya habari. Thika Cloth Mills, iliyoanza mwaka 1958, bado inasokota, inafuma na kutia rangi. Ruiru kuna Spinners & Spinners na Alpha Knits. Sikwambii kwamba utaingia langoni mwao ukauziwa mita tatu. Kiwanda kinauza kwa wingi, na oda yako ya kwanza haitawashughulisha. Ninachokwambia ni kwamba viwanda hivyo, vilivyo hai na vilivyokufa, vimeacha watu. Kiganjo, Makongeni, Gatitu na huku kwetu Ruiru kuna wastaafu waliochanganya rangi miaka 30, mafundi wanaojua mlio wa mashine iliyokosa mafuta, na wanawake wanaoshika kitambaa kati ya vidole viwili na kukwambia uzi wake ni mwembamba kiasi gani. Mimi nilifundishwa rangi na mzee mmoja wa namna hiyo. Siku ya kwanza alininyang'anya kijiko. Akaniagiza mizani, akapima kitambaa kikiwa kikavu, akasema: kilo moja ya kitambaa, gramu 20 za rangi, kwa rangi ya kadiri; ukitaka iliyokolea, gramu 40. Tangu hapo oda ya Januari na ya Juni zinatoka na rangi ileile. Mtu wa mji usio na historia ya vitambaa angelipia masomo hayo chuoni. Mimi niliyapata kwa chai na mandazi. Watafute wazee hao wakiwa bado wapo.

"Mitumba imemaliza soko. Nani atanunua chako?"

Jirani yako anajua anachosema. Mwaka 2019 Kenya iliingiza tani zipatazo 185,000 za mitumba. Ukitaka kushindana na fulana ya mtumba ya Jamhuri Market kwa bei, utafunga kabla ya Krismasi, na sitakudanganya kwa kukutia moyo usiofaa.

Lakini mtazame vizuri huyo jirani anapofungua beli. Kila nguo ni ya peke yake. Anachagua kamera, zile za kwanza zilizo bora, na hakuna mbili zinazofanana. Sasa fikiria nani katika Kaunti ya Kiambu anataka nguo zinazofanana. Kwaya ya watu 34. Familia inayokwenda ruracio, sherehe ya mahari, ambako upande wa bibi harusi wanataka waonekane kuwa ni wa upande mmoja kabla hawajasema neno. Chama kinachotimiza miaka kumi. Hao wote hawawezi kuhudumiwa na beli hata ifunguliwe vipi, kwa kuwa wanachonunua ni kufanana, na kufanana kunatoka kwa mtu mwenye fremu yake na mchoro wake.

Halafu kuna nyumba. Sensa ya 2019 ilihesabu Ruiru wakazi zaidi ya 490,000, mji wa nne kwa ukubwa nchini, ukitanguliwa na Nairobi, Mombasa na Nakuru tu. Thika walipita 250,000. Panda matatu ya 237 kutoka Nairobi uketi upande wa dirisha: kuanzia Githurai hadi Juja, na kwa upande wa Kamakis na Membley, ghorofa juu ya ghorofa. Kila dirisha ni pazia. Kila sebule ina mito ya kochi, kila meza ina kitambaa. Mtu aliyehamia nyumba mpya anataka vitu vilingane, na mtumba haulingani. Nusu ya mapato ya karakana yangu ni mapazia na foronya za mito, wala si nguo. Kwa hiyo yule aliyekwambia kwamba soko liko Nairobi tu naye umemjibu hapohapo, ingawa Nairobi yenyewe iko umbali wa nauli ya matatu.

Mshindani wako wa kweli ni kitambaa cha polista kilichochapwa kifanane na kitenge, kinachouzwa Eastleigh kwa bei ambayo huwezi kuifikia. Huyo humshindi kwa bei. Unamshinda kwa kitambaa kinachovuta jasho, kwa mchoro ambao haupo kwingine, na kwa kukubali oda ya mita 15 ambayo mwenye makontena haitaki.

Mjomba alisema huwezi kuanza bila mashine na mamilioni. Namheshimu, lakini katika hili hajaona kazi inavyofanyika. Kuchapa kwa fremu ni kazi ya mbao, wavu na mkono. Fundi seremala anakutengenezea fremu. Unatandaza wavu wa polista ukaze kama ngozi ya ngoma. Unaupaka dawa inayoganda ikipigwa na mwanga, unaukausha gizani. Mchoro unauchora kwa wino mweusi kwenye plastiki angavu, unaulaza juu ya wavu, unautoa juani. Pale penye wino mwanga haupiti, dawa inabaki laini, na ukiosha kwa maji inatoka na kuacha tundu la umbo lako. Kuanzia hapo ni meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu chini ya turubai, rangi ya kuchapia, na kibao chenye ukingo wa mpira cha kuivuta rangi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Rangi ikishakauka unaiivisha kwa pasi ya moto, bila haraka, kila sehemu dakika kadhaa. Rangi mbili, fremu mbili. Rangi tatu, fremu tatu. Anza na moja.

Njia hii haikuzaliwa jana. Miaka ya 1960, huko Pumwani, Nairobi, kituo cha jamii cha St John's kilianzisha Maridadi Fabrics, karakana ambamo wanawake wa mtaa walichapa vitambaa kwa fremu na mikono. Walifanya kazi hiyo miaka mingi, na vitambaa vyao vikawa na jina. Kilichohitajika kilikuwa meza, paa, na mtu wa kuhakikisha mchoro unakaa mahali pake.

Kinachokula pesa kweli ni kitambaa chenyewe, kununuliwa kabla hakijauzwa. Ndiyo maana nasema: chukua nusu ya malipo kabla ya kukata jora. Mteja anayekataa kulipa nusu kwa M-Pesa leo atakataa pia kulipa siku ya kuchukua.

Kuna pia aliyekushauri upeleke picha zako kwenye maduka yanayohamisha picha kwa joto hadi kwenye nguo. Ni kazi halali, lakini ujue kwamba rangi ile hushika polista. Kwenye pamba tupu inaondoka na sabuni.

"Kuchora ni kipaji cha kuzaliwa, na siku hizi lazima uwe na kompyuta."

Hili limewazuia wengi zaidi kuliko ukosefu wa mtaji, na ndilo lisilo na msingi kabisa. Kubuni kitambaa si kuchora picha nzuri. Kitambaa hakina mwisho kama karatasi. Umbo lazima lirudi, tena na tena, bila jicho kuona mahali lilipounganishwa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na inafundishika. Chukua karatasi ya mraba. Chora katikati tu, usiguse kingo. Ikate wima katikati, ubadilishe nusu mbili: ya kulia iende kushoto, ya kushoto kulia. Ziunganishe kwa gundi kwa nyuma. Sasa ulipokuwa ukingo pamekuwa katikati, na pana uwazi mtupu. Ujaze. Kisha kata kwa mlalo, badilisha ya juu na ya chini, jaza tena. Karatasi hiyo ukiipanga nakala nne, mistari itaingiana kama vidole. Nilimfundisha binti huyu pale mezani kwa jani lake la mnanasi, na kwa dakika 40 akawa na mrudio wake wa kwanza unaofungana. Mikono ilikuwa imejaa gundi na alikuwa akicheka.

Na kama unataka shule ya mpangilio, iko kabatini kwa mama yako. Leso, yaani kanga, ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka na kushikilia, mji ndio moyo, na jina ni maneno yanayozungumza na anayesoma. Watu wa pwani walitatua zamani swali ambalo wanafunzi wa ubunifu hulihangaikia mihula miwili: jicho lianzie wapi na liishie wapi. Ifungue leso moja sakafuni, ipime kwa utepe, andika pindo lina upana gani na mji una ukubwa gani. Utajifunza zaidi ya picha elfu za kwenye simu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo binti hakuambiwa na mtu, ila aliliandika mwenyewe kana kwamba ni jambo dogo: "Kitambaa nitatafuta chochote cheupe." Hapana, mwanangu. Hapa ndipo biashara hizi zinapofia, na mimi nusura nifie hapo.

Mwaka wangu wa pili nilipata oda ya kwaya moja ya Juja, mitandio ya rangi ya zambarau. Nilinunua mita 60 kwa muuzaji mmoja jijini aliyeniapia kwamba ni pamba tupu. Nikapima rangi, nikapima maji, nikafanya kila kitu kama mzee wangu alivyonifundisha. Nilipokuja kusuuza, zambarau yangu ikaanza kushuka kwenye beseni, beseni la pili, la tatu, na mwishoni nikabaki na kitambaa cha rangi kama ya maji ya viazi vitamu. Kilikuwa kimechanganywa na polista. Nilirudisha malipo ya kwaya, nikakosa kodi ya mwezi ule, na nikapoteza mteja ambaye hajarudi hadi leo.

Muuzaji alidanganya, lakini kupima kulikuwa ni kazi yangu, na kunahitaji kiberiti tu. Chomoa nyuzi chache pembeni, za wima na za kulala, maana wakati mwingine wanachanganya upande mmoja. Ziwashe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyasugua yanakuwa unga. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kishanga kigumu cheusi. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kufanya hivyo mbele ya duka lake, na anayekukataza amekujibu.

Baada ya hapo kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kifue kwa maji ya moto na sabuni, kikauke, kipime tena. Pamba mpya husinyaa, na pazia lililoshonwa kabla kitambaa hakijafuliwa litakuwa fupi ifikapo mwezi wa pili. Kitambaa kinachotoka kiwandani pia kina wanga uliopakwa kwenye nyuzi ili zisikatike wakati wa kufuma; usipouondoa kwa kuchemsha, rangi itakaa juu ya wanga, na wanga utaondoka nayo.

Kwa kutia rangi pamba, tafuta zile rangi za unga zinazoungana na uzi wenyewe, za jamii ya Procion iliyoletwa sokoni na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956. Zinafanya kazi kwenye maji ya uvuguvugu, kwa hiyo huhitaji tanuri. Zinachohitaji ni chumvi na magadi. Ndiyo, magadi, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kajiado, kwa zaidi ya miaka mia moja. Kenya huyapeleka ng'ambo kwa meli, nasi tunadhani kila dawa ya kitambaa lazima itoke ng'ambo. Ila nunua yaliyosafishwa kiwandani, usichukue mabonge ya kupikia maharagwe: yale yana uchafu, nguvu yake haipimiki, na kila mara rangi itatoka tofauti.

"Rangi ni kidogo tu, mwaga mtaroni."

Hata kwa rangi hizo nzuri, sehemu kubwa isiyoshika inabaki majini, pamoja na chumvi na magadi yote. Mto Ruiru uko bondeni. Pale Blue Post, Chania na Mto Thika vinakutana, na maji yanaendelea kuelekea Tana, kwa watu wanaoyanywa. Kanuni za ubora wa maji zinataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa anayetiririsha maji machafu kwenye mazingira, na udogo wako hauyafanyi maji yako kuwa safi. Pima rangi kwa mizani ili isizidi. Rangi nzito itumie tena kwa kitambaa cha rangi hafifu kabla ya kumwaga. Kwa hakika, kama huna bomba la majitaka, anza na kuchapa kwa fremu badala ya kutumbukiza kitambaa kwenye rangi. Maji yake machafu ni ya kuosha fremu tu. Tunajenga kazi hii mahali ambapo watoto wetu wanakaa.

"Weka bei ya chini ili wateja wakujue." Mwenyekiti wa chama alisema hivyo kwa nia njema. Tufanye hesabu ya mfano, kisha uweke tarakimu zako. Tuseme mita moja ya pamba ni shilingi 300, rangi 60, stima ya pasi 15. Vibarua wawili wanachapa mita 40 kwa siku, kila mmoja unamlipa 1,000, hiyo ni 50 kwa mita. Chumba ni 8,000 kwa mwezi na unachapa mita 400: ongeza 20. Fremu ya 4,000 itakutolea mita 200 kabla wavu haujachoka: 20 nyingine. Jumla 465. Utasema ukiuza 500 una faida ya 35. Lakini katika kila mita kumi, moja itaharibika: rangi imedondoka, fremu imeteleza, mkono umetetemeka. Umetumia 4,650 kupata mita tisa za kuuza, yaani shilingi 517 kila moja. Kwa bei ya 500 unamlipa mteja shilingi 17 kwa kila mita anayobeba. Na bado hujajilipa siku tatu za kuchora.

Mteja aliyekuja kwa sababu ya bei ya hasara ataondoka siku utakapoirekebisha. Punguza mita, punguza rangi za mchoro zitoke tatu ziwe moja, lakini usipunguze bei chini ya gharama.

Kuhusu serikali, mwalimu alikuonya usijisajili, kwamba kodi itakumaliza. Jina la biashara linasajiliwa kwa eCitizen ukiwa na simu mkononi. Kodi ya mauzo ni asilimia 3, na inawahusu wenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka. Ukiwa chini ya hapo haikuhusu. Kwa upande mwingine, sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na bila cheti cha usajili huwezi hata kuomba. Kibali cha kaunti kitakugharimu, hilo kweli. Kiweke kwenye hesabu kama kodi ya chumba.

Limebaki la mwisho kwenye daftari, lililopigiwa mstari mara mbili: "Mchoro wako utaibiwa tu. Hakuna sheria."

Mchoro unaweza kuibiwa. Sheria ipo. Kwanza tuelewe ni nini kinachoibika. Hakuna mwenye kitenge. Waholanzi wa Vlisco, kampuni iliyoanza Helmond mwaka 1846, waliiga batiki za Java, na leo Afrika nzima inaviita vitambaa hivyo vyake. Hakuna mwenye kikoi pia. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara huko kwao. Wafanyabiashara wa Kenya na shirika la Traidcraft walipinga, na ombi hilo likaishia njiani. Mtindo ni wa watu wote. Ila jani lako la mnanasi, lililopangwa hivi na si vingine, ni lako tangu siku ulipolitia kwenye karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inalilinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake, hata kama hujalisajili popote. Ukilisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, unapata cheti cha kuonyesha siku ya ubishi. Ukitaka ulinzi wa umbo kama bidhaa ya kiwanda, nenda KIPI, taasisi ya mali ya viwanda: miaka mitano, inayoongezwa mara mbili hadi kufikia 15. Lakini lazima umbo liwe jipya, kwa hiyo peleka ombi kabla ya kuuza mita ya kwanza au kuliweka mtandaoni.

Na weka jina lako ukingoni mwa kitambaa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, limekuwa likichapa "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na wanawake wa pwani wanalitafuta jina hilo kabla ya kutazama rangi. Anayeiga lazima achague: aliache jina, au alitoe na mteja aone limetolewa.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haitoki kwa mwizi. Inatoka kwa mteja anayekulipa. Sheria hiyohiyo ya hakimiliki inasema kwamba kazi iliyofanywa kwa oda, haki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Sikulijua hilo. Nilichorea kampuni moja michoro sita, nikalipwa mara moja, nikafurahi. Miaka miwili baadaye nikaingia kwenye ukumbi wa harusi na kukuta mchoro wangu wa tatu kwenye mapazia yote, na mwingine kwenye vitambaa vya meza. Nilisimama mlangoni nikiyatazama. Sikuwa na neno la kudai, kwa sababu sikuwa nimeandika neno.

Kwa hiyo, binti yangu wa Makongeni, nawe msomaji unayechora: kabla hujatuma mchoro wowote kwa mtu aliyeuagiza, andika kwenye karatasi moja kwamba haki ya mchoro inabaki kwako, kwamba yeye ameruhusiwa kuchapa mita kadha kwa muda kadha, na kwamba zaidi ya hapo atalipa tena. Tieni sahihi nyote wawili, nawe baki na nakala.